Mafundi wa Chini ya Mawe

Enzi zile, sisi watoto wa juu ya Runyenjes tulikuwa na kazi moja ya Jumamosi ambayo hakuna aliyetusukuma kuifanya: kugeuza mawe mtoni. Maji yalikuwa baridi ya kung'ata mifupa, lakini tulikunja nguo tukaingia. Chini ya mawe walishikamana wadudu wadogo, kila mmoja amejijengea nyumba kama kifuko, huyu ya mchanga, yule ya vijiti. Sisi tuliwaita mafundi. Wavuvi wa ndoano waliwaita kadisi.

Baba alikuwa mmoja wa wavuvi hao, na hakutupa ndoano kabla ya kuwaona mafundi. Akipata mafundi wa kijivu, alifunga unyoya wa kijivu wa kuku kwenye ndoano. Wakiwa wa kahawia, alifunga wa kahawia, na trauti, samaki wa mito baridi ya mlimani, akadanganyika. "Fundi akiwepo, trauti yupo," alituambia, "na maji hayo unaweza kunywa." Mama akimpasua samaki jikoni, tumbo lilimwaga changarawe, nyumba nzima nzima zimemezwa pamoja na wenyewe. Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Kaka yangu mdogo, Njeru, alitushinda sote. Alimjua fundi kwa kupapasa tu, bila hata kutazama.

Agosti hii nilirudi na wanangu, ambao samaki pekee wanayemjua ni yule aliyelala juu ya chipsi. Niliwavua viatu kwa maringo, nikainua jiwe. Hakuna kitu. La pili, utelezi mtupu. Niligeuza mawe mpaka mgongo ukaniuma, wanangu wakiniuliza mafundi wako wapi.

Nikapanda hadi kwenye kona ya mto. Njeru alikuwa amesimama majini, anasuuza pampu aliyokuwa akinyunyizia nyanya zake dawa ya wadudu. Povu jeupe lilikuwa likiteremka.

"Njeru, mafundi wa Baba wako wapi?"

"Hao walihama kitambo, dada," akasema, akitikisa pampu. "Hata trauti. Sijui ni hii hali ya hewa."

Na hakuwa anatania. Zamani tuligeuza jiwe kwanza, ndipo tukanywa. Siku hizi tunasuuza, tunachota, tunakwenda zetu.

Nilipogeuka nimwonyeshe lile povu linakokwenda, nilimwona Mama kule chini mtoni, yeye anayekataa maji ya mfereji eti hayana ladha. Mtungi wake ulikuwa umejaa, na kikombe kilikuwa mdomoni.