Mkunga Aliyeanika Nguo Kwenye Kitanda cha Jenabu

Jumapili iliyopita kanisani, katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la funguo zilizookotwa chooni, katekista alitusomea kwamba mkunga wetu wa zamani amefariki dunia huko Uganda, kwa ugonjwa wa sukari. Safu tatu za wanawake zikaangua kilio kwa pamoja. Kisha mama mmoja wa kwaya, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti ya marehemu: "Wewe pumua, mama, iko haraka ya nini?" Na sisi sote, wasomaji wangu, tukacheka. Tulicheka hadi katekista akavua miwani na kutuangalia kama watu waliolewa. Sikumlaumu. Yeye hajawahi kuzaa, na hakumfahamu yule mama.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, aliyesomea ukunga uhamishoni Uganda na kurudi Juba na Kiswahili cha huko. Katika Kiswahili chake mtoto, kitanda na serikali vyote vilikuwa "iko", na hakuna aliyepotea katika mazungumzo. Miaka ya vita aliendesha chumba kidogo cha kuzalishia hapa mtaani kwetu, Juba Na Bari, chenye pazia moja, madirisha mawili ya nondo na mikeka mingi. Mimi nilifika kwake nikiwa na mimba ya pili na hofu isiyo na kipimo. Mtoto wangu wa kwanza, binti, nilimzaa uhamishoni nikiwa nimelazwa chali, miguu imefungwa juu ya vyuma, muuguzi akinipigia kelele nisukume kana kwamba mimi ni gari lililokwama. Niliongezewa njia kwa mkasi, nikashonwa, na kwa wiki nyingi nilikalia tako moja. Kanisani watu walidhani ninamwachia mtu nafasi kwenye benchi. Nikamwambia mume wangu kwamba mtoto mmoja anatosha kabisa, tena ni mzuri, na kwa miaka kumi na mmoja msimamo wangu haukutikisika. Ulipotikisika, vita navyo vikaanza.

Siku uchungu uliponishika ilikuwa asubuhi, na mji ulikuwa umetulia baada ya siku kadhaa za milio ya bunduki. Nilipoingia, mkunga aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye koti jeupe: "Wewe nataka kukaa namna gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi jaribu. Mwili yako itasema." Nikajaribu kutembea, nikajaribu kulala ubavu, mwishowe nikajikuta nimepiga magoti juu ya mkeka uliokunjwa, nimeshika nondo za dirisha na kuwatazama mbuzi wa jirani. Mwili ulikuwa umesema. Maumivu hayakuisha, asikudanganye mtu, lakini sasa yalikuwa na mahali pa kwenda.

Upande wa pili wa pazia alikuwepo mwanamke mwingine, mke wa jenabu, kama tunavyowaita hapa maofisa wakubwa wa jeshi. Naye alikuwa chini, amechuchumaa, ameshika ukingo wa kitanda cha kuzalia. Kitanda chenyewe kilikuwa kipya, cha chuma kinachong'aa, na juu yake mkunga alikuwa ameanika nguo za watoto. Ajabu ni kwamba kilitolewa na jenabu mwenyewe. Mwezi mmoja kabla alikileta kwa lori, ili mke wake azae kama wanavyozaa watu wa Nairobi, alikosomea yeye.

Adhuhuri jenabu akafika kutoka Bilpam, makao makuu ya jeshi. Walinzi wake wawili wakabaki mlangoni na bunduki zao, yeye akaingia, na kupitia mwanya wa pazia nikamwona akisimama kama aliyemwagiwa maji. Akamwangalia mke. Akaangalia kitanda. Akaangalia soksi ndogo za manjano zilizoning'inia kwenye chuma cha kuwekea miguu.

"Sista," akasema, "mbona bibi yangu ako chini kama mtu anatafuta sindano, na kitanda nilileta iko hapo?"

Mimi nilisahau uchungu wangu. Siku zile mtu mwenye nyota mabegani hakujibiwa, alitiiwa. Nilijua watu waliotoweka kwa makosa madogo kuliko soksi. Lakini mkunga alifuta mikono kwenye aproni na kusema kwa upole, "Jenabu, asante kwa kitanda. Sasa toa buti, panda."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Bibi yako iko nauliza hii kitanda iko namna gani. Wewe jaribu, halafu ambia yeye."

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni kwa sababu mke wake alikuwa amegeuza shingo na kumtazama, na mtazamo ule nao ulikuwa na nyota zake. Akavua buti, akapanda, akalala chali. Mkunga akainua miguu yake mmoja baada ya mwingine, akaiweka juu ya vyuma na kuifunga mikanda kwa ustadi mkubwa. Kisha akampa kikombe cha maji. "Kunywa." Jenabu akanywa, maji mengi yakaingia masikioni. "Sasa kaa." Jenabu akajikamua, akakunja uso, shingo ikatoka mishipa, akainuka kiasi cha kuona vidole vyake vya miguu, akarudi chini. "Sukuma, jenabu! Nguvu yako yote iko huko Bilpam?"

Hapo mke wake akaanza kucheka. Alicheka kutoka tumboni, akicheka na kulia kwa pamoja, na katikati ya kicheko akapiga ukelele wa aina nyingine kabisa. Mkunga akazunguka kitanda mbio, akamwacha jenabu na mikanda yake. "Pumua, mama, pumua, iko haraka ya nini?" Alikuwa na kitambaa cha maji moto tayari, akakikandamiza taratibu kwenye msamba, pale mwanamke anapochanika, akakishikilia kichwa cha mtoto kwa kiganja kisitoke kwa pupa. Mtoto akatoka polepole, akalia.

Walinzi waliposikia ukelele waliingia mbio. Wakamkuta mkuu wao miguu juu, soksi za manjano zimemwangukia kifuani.

"Jenabu," mmoja akauliza, "uko salama?"

"Funga mlango!"

Mimi nilizaa saa moja baadaye, mvulana, nikiwa ninacheka bado. Sikuchanika, sikushonwa. Jumapili iliyofuata nilikaa kanisani kwa matako yote mawili. Kabla ya kuondoka siku ile, nilimsikia jenabu akiongea na mkunga kwa sauti ya chini. "Nilitaka apate kitu ya maana," alisema. Mkunga akamshika mkono. "Alipata, jenabu. Ulilala pale kwa sababu yake."

Ningeishia hapo mngempenda marehemu vya kutosha, lakini mngenipenda na mimi kupita kiasi, kwa hiyo lazima niwaeleze la pili. Baada ya kuzaa vile nikawa mhubiri. Sikukutana na mwenye mimba nisimweleze habari za magoti na nondo za dirisha. Mwaka wa tatu wa vita nilimpeleka wifi yangu kwa mkunga yule yule. Alikuwa amekimbia kwao na alikuwa akiishi kwenye kambi ya Mangateen. Alipofika tu na kuulizwa anataka kukaa namna gani, akaonyesha kitanda. Anataka kulala.

"Hapana!" nikadakia. "Piga magoti, wifi, shika dirisha. Utachanika! Niulize mimi."

Wifi akanitazama. "Mimi nimelala chini tangu tulipokimbia," akasema. "Leo nataka kitanda."

Nami sikunyamaza. Nilikuwa nimeshamshika mkono kumvuta kwenye mkeka, ndipo mkunga akanishika mimi. "Wewe toka nje," akaniambia. "Wewe sasa imekuwa mbaya kushinda vyuma." Akanijaza mikononi nguo mbichi alizozitoa kitandani, akafunga mlango. Nilisimama nje nimekumbatia nepi zinazochuruzika, nikamsikia akiweka mablanketi nyuma ya mgongo wa wifi ili akae nusu amelala, bila mikanda, bila vyuma. Wifi alichanika kidogo, akashonwa nyuzi mbili. Na nilipoingia alikuwa amelala pale, mtoto kifuani, ana uso wa mtu aliyepewa nchi yake mwenyewe. Mimi na magoti yangu sikuwahi kung'aa vile.

Nimelifikiria sana jambo hili. Miaka ile kila mtu alikuwa akituamuru tuweke miili yetu namna gani. Lala chini. Mikono juu. Shuka kwenye gari, kaa hapo, simama, kimbia. Tulizoea hadi tukaanza kuamrishana wenyewe kwa wenyewe, mume kwa mke, muuguzi kwa mzazi, mimi kwa wifi yangu, na kila mmoja akiamini kwamba anasaidia. Mkunga yule alijua kazi yake kuliko sisi sote, alijua mkao gani huokoa msamba na upi huuchosha, naye aliyasema hayo mapema, kliniki, mama akiwa na nafasi ya kusikiliza. Saa yenyewe ilipofika aliuliza, kisha mikono yake ikafuata jibu.

Binti yangu, yule wa mkasi, sasa ana mimba ya miezi minane. Juzi, baada ya ibada ile, nilimweka chini, nikameza maneno yangu yote, nikamwuliza siku hiyo anataka iwe namna gani. Akafikiri kidogo. "Mama," akasema, "nataka wewe ubaki nyumbani." Nimeumia, siwafichi. Lakini ukishamwuliza mtu kwa moyo, jibu lake ni lake. Nitabaki nyumbani.