Kipande ya Bido Mbele ya Moteri

Nimechoka na moto, hii pikipiki yangu. Miaka yote hii nabebaka batu kati ya Butembo na Beni, mugongo inauma, muguu iko na alama ya kuungua, na bado wateja bananiuliza juu ya nini moto yangu inabarushia matope. Nabaambia: acheni moteri, ile injini, ipumue. Banacheka. Bacheke tu.

Zamani nilikuwa kama wenzangu. Tulikuwa tunakata bido ya manjano, ile dumu ya plastiki, tunafunga kipande yake na waya mbele ya moteri, matope isiruke ku nguo ya muteja. Kwetu, kufika ku misa ao ku kilio na liputa chafu, ile kitenge ya kujifunga, ni haya kabisa. Mais moto zetu hazina maji ya kupoza. Ni upepo tu, na ile mafuta ya ndani. Fundi alinikaripia: "Weye unaifunga pua!" Nilijua. Nikaiacha palepale.

Halafu mama mudogo akakufa, kule Bulengera. Maziko ilikuwa saa munane. Mama yangu aliishi Kasugho, na juu ya kukosa usalama ku njia, miaka mingi yeye na mudogo yake hawakuonana. Alitaka kitu moja tu: kuona uso ya mudogo yake kabla sanduku ifungwe. Nikaenda kumuchukua asubuhi. Alivaa liputa nyeupe, mupya. Donc nikaongeza kipande ya pili ya bido, kubwa kuliko ya kwanza.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tukapanda mulima mu vitesse ya kwanza, ile gia ya nguvu, polepole, upepo hakuna. Mafuta ikanuka kuungua, nguvu ikaisha, moteri ikazima. Kiki ya kuwashia ikawa ngumu, haishuki. Maji ya baridi singeimwagia, chuma ingepasuka. Tukakaa ku kando ya njia.

"Imepoa, papa?" mama akauliza, vile anaita batoto yake.

"Bado, mama."

Mara tatu moteri ilizima, tukakaa vile. Mara tatu nilishika ile waya nikate, nikaangalia liputa yake, nikaacha. Mujinga mimi!

Tulifika saa tisa na nusu. Batu balikuwa banarudi kutoka makaburi, majembe ku mabega.

Mama akashuka. Akajiangalia mbele, akajiangalia nyuma. Hakuna hata tone ya matope.

"Aksanti, papa. Sikuchafuka."

Halafu akaenda ku kaburi, akapiga magoti na ile liputa nyeupe ku ule udongo mubichi.