Kaptula Mbele ya Baba Mkwe

Ubao wenyewe ulikuwa wa dada mmoja wa Kizungu aliyekuja kukagua samaki kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia wifi yangu, karani wa pale kiwandani, ambaye Mzungu huyo alikuwa amemfundisha kuteleza nao juu ya mawimbi. Wifi aliishi nasi Pasiansi, hapa Mwanza. Ubao ulikuwa mrefu kunizidi, ukakaa nyuma ya mlango wa chumba chake, na mlango haukufunguka vizuri tena.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya niliyeolewa Ukerewe. Nililelewa migombani, si majini. Kuogelea nilijifunza ukubwani, na nilipoogelea nilionekana kama mtu anayefukuza kuku. Lakini wifi alipoanza kunisimulia jinsi wimbi linavyokubeba, nilitamani. Mume wangu, tangu apunguzwe kazi kwenye shirika la umma, alishinda kwenye duka lake Mabatini. Jumamosi mchana, upepo ulipoanza kuinua maji, mimi na wifi tulijitwika ubao hadi kwenye kighuba kilichofichwa na mawe. Nilivaa kaptula ya mtumba na kufunga kitenge juu yake. Kitenge nilikivua nikishafika majini, nikakitundika kwenye jiwe.

Mawimbi yetu si makubwa, ila kwangu yalitosha. Nililala kifudifudi, nikapiga maji kwa mikono, na kila nilipojaribu kuinuka ubao ulinitupa. Nilikunywa ziwa. Nilichubuka magoti. Wifi alicheka hadi akakaa chini.

"Wifi, unatazama miguu yako," alisema. "Miguu haiendi popote. Tazama ufukweni."

Jumamosi moja lilikuja wimbi pana, likaushika ubao kwa nyuma. Nikajisukuma, nikakunja magoti, nikasimama. Nilisimama kweli! Upepo ulinipiga mgongoni, maji yakapiga kelele chini yangu, nami nikapaza sauti kama mtoto. Kisha nikatazama ufukweni, kama nilivyofundishwa.

Baba mkwe alikuwa amesimama pale.

Alikuwa ametoka Nansio, kwao Ukerewe, kwa meli ya mchana bila kutuma habari, na mkoba wake ulikuwa bado begani. Hakutukuta nyumbani, na jirani yetu akamleta. Jirani huyo alikuwa pembeni yake, kashika mdomo kwa mkono.

Sikuanguka, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Siku zote nilianguka, lakini siku hiyo ubao ulinibeba wima, mapaja wazi, kaptula imenigandia mwilini, moja kwa moja hadi mbele ya mzee ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu hata macho yake sikuwahi kuyatazama. Niliruka nikachuchumaa, maji yakanifika shingoni.

"Shikamoo baba," nilisema kutoka majini.

Alikuwa ameshanigeuzia mgongo. "Marahaba," alijibu, akiyaambia mawe. Kisha akamwambia jirani, "Mama, mpelekee nguo yake."

Nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, naye kavaa kaptula.

Jioni nilipika ugali na sato, lakini miguu haikukubali kuingia sebuleni. Mume wangu ndiye aliyebeba chakula. Alikuwa ameshasikia habari njiani, kutoka kwa watu ambao hawakuwepo. Kulipokucha mzee aliondoka, ingawa alikuwa amekuja kukaa wiki nzima na wajukuu.

"Amekasirika?" nilimuuliza mume wangu.

"Hapana. Anasema ameona asichopaswa kuona. Ana aibu kukutana na wewe."

Heri angenigombeza. Hasira ningeiombea radhi, ila aibu yake ningeifanyia nini? Tangu hapo kila alipokuja Mwanza alifikia kwa ndugu zake Mabatini. Wanangu waliniuliza tumemkosea nini babu, nami nikawa najitia kazi jikoni. Shuleni, walimu wenzangu walibadili mazungumzo nikiingia ofisini. Ubao haukutoka nyuma ya mlango.

Mama mkwe ndiye aliyechoka na hali hiyo. Alituma ujumbe kwamba niende Nansio na watoto wakati wa likizo, na kwamba chakula cha mzee nitakipika na kukiandaa mimi mwenyewe. Nilikwenda. Siku ya kwanza nilipiga magoti, nikamnawisha mikono, macho yangu yakiwa kwenye beseni. Maji mengine yalimwagikia miguuni kwake. Alikula, akamaliza. Nilipoinama kuondoa sahani akakohoa.

"Ule ubao bado upo?"

"Upo, baba."

"Mnauendea siku gani?"

"Tulikuwa tunauendea Jumamosi, baba."

"Basi," alisema, akitazama mlangoni, "mimi nitakuwa nakuja Jumapili."

Mama mkwe aliangua kicheko kule nje. Mimi sikuweza. Uso wangu ulikuwa moto, nikapanga sahani juu ya sahani, nikapanga tena, kisha nikazibeba kwenda kuziosha.