Chaki Imesemaje?

Naikumbuka Ijumaa moja ya miaka ya tisini, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimeoa majuzi, fundi wa kuchomelea katika gereji moja pale Ganjoni. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Ami Twahiri, mzee aliyenifunza kazi, alikuwa ameniachia kwa mara ya kwanza nichomelee aluminiamu peke yangu, na tangu asubuhi nilitembea kwa mikogo, ungedhani gereji ni yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ya teksi ya Kazungu. Ilikuwa imepata ufa. Kazungu alikuja na mamake mzazi, wameletewa habari kwamba mamake mdogo huko Kaloleni yu mahututi na anamwulizia dadake. Kazungu alitaka ampeleke mwenyewe. Mama yule akaketi juu ya gurudumu kuukuu, kifurushi cha nguo mapajani, akaningoja. Hakunihimiza. Kila nikimtupia jicho alinitabasamia tu, na tabasamu lile ndilo lililonitia haraka.

Aluminiamu si chuma, mwanangu. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kinakuonya. Aluminiamu hukaa nyeupe vile vile, kisha ghafla yaporomoka yote. Ndiyo maana tulikuwa tukiipaka sabuni ya mche. Sabuni ikigeuka hudhurungi, basi moto umetosha. Na mwisho wa ufa wake huuoni kwa macho. Unapaka mafuta ya taa, unafuta, unapaka chaki juu, unangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka yenyewe yakachora mstari kwenye chaki. Ukishaujua mwisho, unatoboa kitundu hapo ili ufa usizidi kukimbia, ndipo unachomelea. Ami Twahiri hakuwa mtu wa kuuliza kama kazi imekwisha. Yeye aliuliza, "Chaki imesemaje?"

Nikachomelea, nikapiga tupa, nikapaka chaki. Pembeni mwa kazi yangu kukajichora mstari mwembamba, urefu wa ukucha. Kuanza upya ni nusu siku nzima. Nikaufuta kwa kidole gumba. Ami aliporudi kutoka msikitini, akaniuliza swali lake.

"Haikusema kitu, ami," nikajibu.

Akaniamini, nami nikafurahi. Ndio ujinga wa ujana huo, usinicheke.

Gari lilitoka saa tisa. Kwenye mlima wa Mazeras likachemka, maji yote nje. Siku hizo simu za mkononi hatukuwa nazo, na basi la mwisho la Kaloleni lilikuwa limekwisha kupita. Wakalala kwa watu, wakafika asubuhi ya pili. Mgonjwa alikuwa amekata roho alfajiri, na mpaka dakika zake za mwisho alikuwa akiuliza dadake amefika wapi.

Jumatatu Kazungu akalivuta gari hadi gerejini, akatupa habari. Ami Twahiri hakunipigia kelele. Aliifungua ile hedi, akapaka chaki, akaniita nitazame. Nilitazama, nikainamisha kichwa.

"Nenda kaoge, uvae kanzu," akaniambia. "Twenda kuhani. Na utasema mwenyewe."

Nilisema, mwanangu. Nilipiga magoti mbele ya mama yule, nikamwambia ufa niliuona, nikauficha. Nilitaraji matusi, na ningeyastahili. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ungeniambia, ningepanda basi."

Nililia pale pale, mtu mzima na kanzu yangu. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mie kilio chenyewe nilikikuta uani kwa watu, na wenye kulia ndio walionibembeleza.

Sasa nisikize. Tangu utoto unaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini kuziba si kufunika. Kwanza utafute mwisho wake, uujue umefika wapi, na ukiwa umekushinda useme umenishinda. Sema kosa likiwa bado dogo, mwenzio apate kutafuta njia nyingine. Mimi nilidhani naficha aibu yangu tu, kumbe nilimfungia mtu njia ya kwenda kumuaga nduguye. Uwe kazini, uwe na mkeo, uwe mbele ya mzazi wako, ni hayo hayo. Aibu ya kusema inaisha siku hiyo hiyo. Hii yangu nimezeeka nayo.

Mola akujaalie ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu, na siku utakapokosea, kwani utakosea, akukutanishe na mtu atakayekushika mkono. Amin.