Siku Mashua Ilipoinama

Jamani, mpaka leo natetemeka. Likizo yangu ya kwanza ya kupanda mashua ya tanga, Ziwa Nyasa, ilianza kwa raha. Ghafla mashua ikalala ubavu. Nikampigia mke wangu: "Mama Neema, tunazama! Nitunzie watoto!" Simu ikaponyoka majini.

Nahodha akacheka. Kumbe mashua huinama hivyo ikishika upepo! Nami, juha, nikala raha wikiendi nzima, wala sikukumbuka niliyomwambia mke wangu.

Narudi nyumbani Bombambili giza limeshaingia, nakuta turubai na watu tele. Nikavua kofia, nikaketi na wanaume, nikapokea sahani ya wali. Nikamnong'oneza mzee jirani, "Shikamoo. Poleni. Nani katutoka?"

Akageuka. Sahani ikamdondoka.

"Baba Neema… ni wewe!"