Mkia wa Popi

Nilipokuwa mtoto pale kijijini Kawetele, mbwa wetu Popi ndiye aliyekuwa akitupangia safari. Bibi, mama yake baba, alishikilia kwamba mbwa akifyata mkia mlangoni, ameona kifo njiani, na mtu asitoke hadi kesho yake. Ucheke usicheke, ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

Baba hakuitaka hata kuisikia. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha chai, na huko aliokota neno moja la Kiingereza, coward, akalileta nyumbani akilitamka "kawadi". Kaka yangu Asajile, mpole wa watu, ndiye aliyeitwa hivyo kila siku. Akiogopa ng'ombe, kawadi. Akiogopa radi, kawadi.

Asubuhi moja ya masika, baada ya mvua ya usiku kucha, Asajile alitakiwa kupeleka majani ya chai kupimwa ng'ambo ya mto. Daraja lenyewe lilikuwa gogo tu. Popi akajikunyata kizingitini, mkia katikati ya miguu, analia.

"Gwe, wewe, mtoto asiende," Bibi alimwambia baba. "Mbwa anaona tusichokiona."

"Majani yataharibika, mama."

Asajile akasema kwa sauti ndogo, "Baba, naogopa."

"Na wewe unafyata mkia kama Popi? Kawadi we!"

Kaka akajitwika kapu, akaondoka bila kuaga. Jioni watu walimtoa mtoni, mbali kule chini, amekwama kwenye mizizi.

Sasa mimi nafundisha Kiingereza shuleni Mpuguso. Juzi baba, mzee asiyeona vizuri tena, aliniuliza lile neno maana yake hasa ni nini. Jamani, miaka yote ile alilitumia bila kulijua! Nikamwambia ni mwoga, na kwamba asili yake ni neno la Kilatini la mkia. Wataalamu wa lugha husema huenda lilitokana na mnyama aliyeufyata.

"Kumbe hata Wazungu walimtazama mbwa," baba akasema. "Ni mimi tu sikumtazama."

Sijui kama Popi aliona kifo au alisikia tu mto unavyonguruma. Ninachojua ni kwamba mtoto alisema anaogopa, akapewa tusi. Inaniuma mpaka leo, na sioni itakapoishia.

Baba huniuliza tena karibu kila jioni maana ya neno lile, kana kwamba iko siku nitampa nyingine. Sina.