Alhamisi za NyaKumwenda

Tawonga Kumwenda, ambaye sote tulimwita NyaKumwenda kama ilivyo desturi ya kuwaita wanawake huku kwetu kaskazini mwa Malawi, alifundisha hesabu katika chuo chetu cha ualimu. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Wanachuo walimzoea, na waliomcheka mwaka wa kwanza ndio waliomtetea mwaka wa pili. Lakini mbele ya watu asiowajua alifunga mdomo kabisa.

Mihadhara ya Alhamisi ilikuwa wazo lake. Alimwendea mkuu wa chuo akamwomba waalike wasomi na watu wenye ujuzi waje kuzungumza na wanachuo pamoja na watu wa mji. Mkuu alikubali, ili mradi asiombwe kingine zaidi ya chai. Basi NyaKumwenda akawa anaandika mialiko, anawapokea wageni stendi, anawalaza kwake. Kusema ukumbini ilikuwa kazi ya Mkandawire, mwalimu wa Kiingereza, mtu mwenye sauti tamu na maneno yasiyomwishia.

Watu wa mji hawakuja.

"Shangazi, unanialika nije kusikiliza Kiingereza?" alisema NyaGondwe, aliyeuza mandasi, maandazi ya huku kwetu, pale sokoni. "Afadhali nikae na mandasi zangu. Hizi tunaelewana nazo."

NyaKumwenda hakuudhika. Alimwomba Mkandawire awe anatafsiri kwa Kitumbuka, lugha yetu, na polepole wakaanza kuja, wa kwanza NyaGondwe mwenyewe.

Kisha ardhi ikaanza kutikisika. Nyumba za upande wa ziwani zilipasuka kuta, watu wakahamia uani, wakalala chini ya vyandarua na mvua ikinukia. Wapo waliolaumu wachimba makaa ya mawe, na wapo waliowalaumu majirani zao. NyaKumwenda alimtafuta Dakta Hirut, Mhabeshi aliyekuwa akichunguza matetemeko ya bonde letu, akamsihi aje.

Siku hiyo ukumbi ulifurika hadi madirishani. Dakta alieleza jinsi ardhi inavyoachana huko chini, naye Mkandawire akatafsiri vizuri sana. Ndipo mzee mmoja akasimama.

"Yote hayo tumesikia. Tetemeko hili litakwisha lini?"

Dakta Hirut alijibu kwa Kiingereza kwamba hajui, na hakuna anayejua. Lingeweza kurudi hata kesho, kubwa kuliko lililopita.

Mkandawire aliwatazama akina mama waliobeba watoto mgongoni. Akameza mate.

"Dakta anasema baya limepita," alisema. "Rudini ndani, mlale."

Vigelegele vikapasua paa. Dakta alitabasamu kwa mashaka, kama mtu aliyepongezwa kwa kuleta habari ya msiba.

Nyuma kabisa, kwenye birika la chai, NyaKumwenda aliweka kikombe chini.

"Ha-ha-ha..."

Watu waligeuka wakidhani anacheka.

"Ha-ha-hakusema hivyo!"

"Dada, kaa," Mkandawire alisema. "Tutazungumza baadaye."

"A-anasema hajui."

Zogo likazuka. "Ametoka huko kote kuja kutuambia hajui?" watu walilalamika. Mkandawire alimnyooshea NyaKumwenda kipaza sauti. "Haya, waambie wewe."

Akaja mbele. Nilikuwa karibu, niliona alivyokishika kwa mikono miwili. Alitafsiri jibu la Dakta neno kwa neno, akikwama, akirudi nyuma, akianza tena. Vijana wa dirishani wakaanza kumwigiza.

"Nyamazeni!" NyaGondwe aliwaka. "Mahindi mnayasubiri yaive, neno moja linawashinda?"

Wakasubiri. Dakta alieleza kwamba nyumba yenye ufa mkubwa isilaliwe kabisa. Wajenge vibanda vyepesi vya miti na nyasi kabla ya mvua, na kuta mpya zifungwe kwa mbao kwenye pembe. Kwa kuwa tafsiri ilikwenda taratibu, mafundi walipata nafasi ya kuuliza, na walipouliza, Dakta alichora ubaoni.

Walipotoka, Mkandawire alimfuata NyaKumwenda.

"Umewarudishia hofu. Ulitaka walale nje mpaka lini?"

"Ni-nilitaka wajue. Kulala ni shauri lao."

Hawakusemezana kwa wiki kadhaa. Wakati huo vibanda viliota uani kama uyoga, na mafundi wakawa na kazi tele. Mvua zilipoanza, ardhi ilitikisika tena, safari hii kwa nguvu. Nyumba nyingi zenye nyufa zilianguka, na ndani yake hapakuwa na mtu.

Mkandawire alikwenda kwa NyaKumwenda na kapu la usipa, dagaa wa ziwani, akasimama mlangoni.

"Ningewaua," alisema.

"Uli-uliwaonea huruma. Ingia, sima iko tayari."

Tangu hapo mihadhara anaifungua NyaKumwenda mwenyewe, kigugumizi chake kikiwa palepale, na Mkandawire anatafsiri kila kitu, hata matusi. Alhamisi iliyopita mgeni alikuwa mtaalamu wa nyuki. Wafugaji wa milimani walimbishia juu ya mizinga yake, naye akawabishia, hadi mkuu wa chuo akaja kutukumbusha kwamba wanachuo hawajala. Hakuna aliyeinuka. NyaKumwenda alikuwa amemwelekezea kipaza sauti mama mmoja aliyeshika sega la asali, na mama huyo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema.